Keki ya Nazi ya Matabaka Matatu kwa Krimu Chizi: Kuanzia Kwenye Tui Hadi Kwenye Kipande

Keki nyingi za nazi huwa na nazi ya machoni tu. Juu zimefunikwa nazi nyeupe zinavutia, ukikata kipande unakuta ndani keki ya vanila ya kila siku. Harufu ya nazi ni ya upole: sukari huifunika, vanila huifunika, na moto wa oveni huipeperusha kwa kiasi chake. Mpishi akitaka kufidia kwa kumimina tui zaidi, anajiletea tatizo la pili, nalo ni maji. Tui kwa sehemu kubwa ni maji. Krimu chizi, ile jibini laini nyeupe yenye uchachu kidogo, zaidi ya nusu yake ni maji. Nazi mbichi iliyokunwa, karibu nusu ya uzito wake ni maji pia. Keki ikishuka katikati, krimu ikiteleza, tabaka likilowa chini na kukauka juu, tafuta maji yalikopitia.

Kwa hiyo hatua zote hapa chini zina kazi moja: kuyatoa maji mahali yanapoharibu na kuyarudisha mahali yanapohitajika. Ukilielewa hilo, unaweza hata kubadilisha vipimo baadaye kwa kujiamini.

Vipimo

Pima kwa mizani. Kikombe cha unga kinaweza kupishana kwa makumi ya gramu kati ya mkono mmoja na mwingine, na keki ya matabaka haivumilii tofauti hiyo. Vipimo hivi ni vya tini tatu za duara zenye upana wa sentimita 20, na keki inatosha watu 14 hadi 16. Vijiko vyote viwe vimesawazishwa juu.

Keki:
- unga wa ngano wa kawaida, gramu 300
- wanga wa mahindi, gramu 40
- beking pauda, vijiko vya chai 3
- chumvi, nusu kijiko cha chai
- siagi isiyo na chumvi, gramu 180
- sukari nyeupe, gramu 350
- mayai makubwa 4
- tui zito, mililita 400
- nazi kavu iliyosagwa laini, isiyo na sukari, gramu 80
- vanila, kijiko cha chai 1

Shira ya kulowesha:
- tui, mililita 120
- sukari, gramu 50
- chembe ya chumvi

Krimu:
- siagi isiyo na chumvi, gramu 200
- sukari ya unga, gramu 350
- krimu chizi ya kipande, yenye mafuta kamili, gramu 450
- vanila, kijiko cha chai 1
- chumvi, robo kijiko cha chai

Kupambia: nazi kavu ya chengachenga, gramu 150.

Siagi ya keki ni gramu 180 tu kwa sababu tui zito nalo linaleta mafuta yake. Ukizidisha siagi juu ya tui, keki inakuwa nzito na ukiishika inaacha mafuta vidoleni. Wanga wa mahindi upo kwa ajili ya kupunguza nguvu ya unga wa kawaida ili keki iwe laini. Kama una unga maalumu wa keki, tumia gramu 340 za huo na uache wanga. Usichukue unga wa keki unaouzwa ukiwa tayari umetiwa beking pauda, maana utaizidisha.

Tui kwanza

Hapa ndipo keki inapopata au kukosa ladha yake, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tui la kopo linafaa. Soma pembeni mwa kopo: unataka nazi na maji, na mafuta yasipungue gramu 17 kwa kila mililita 100. Tikisa kopo kabla ya kufungua, kwa kuwa mafuta hupanda juu na kuganda. Tui la kopo lililopunguzwa mafuta liache kabisa, kwa sababu utakuwa unanunua maji.

Ukitaka kukamua mwenyewe, chagua nazi iliyokomaa. Itikise karibu na sikio, maji yasikike yakicheza ndani. Angalia macho yake yasiwe na ukungu wala unyevu. Koroma halifai hapa, nyama yake bado haijajenga mafuta ya kutosha. Ukishavunja, nusa: nazi iliyochacha ina harufu ya sabuni, na harufu hiyo hakuna sukari inayoweza kuificha. Zikune nazi mbili za wastani, mimina mililita 350 za maji ya moto, subiri dakika kumi, kisha kamua kwa nguvu na uchuje. Pima ulichopata. Kikipungua mililita 520, yaani 400 za keki na 120 za shira, rudishia maji ya moto kidogo kwenye chicha ukamue tena, na tui hilo jembamba la mwisho liwe la shira. Chicha yenyewe usiitie kwenye keki, kwani ladha imeshatoka na kilichobaki ni nyuzi.

Sasa punguza maji. Weka mililita 400 za tui zito kwenye sufuria pana, moto mdogo, ukikoroga mara kwa mara kwa dakika 10 hadi 15 mpaka zibaki mililita 320. Litoe moshi na vipovu vidogo pembeni, lisichemke kwa fujo, kwani likichemka sana litakatika. Likikatika kidogo si msiba. Lipige kwa mchapo litarudi.

Likiwa bado moto, mimina zile gramu 80 za nazi kavu, funika, acha lipoe kabisa. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo sababu keki zao hukauka siku ya pili. Nazi kavu ina kiu. Ukiitia kwenye keki bila kuilowesha, itajinywea maji yaliyokusudiwa unga, na keki itakuwa na chengachenga zinazosugua ulimi. Ikishiba tui kabla ya kuingia, inakaa kimya ndani ya keki na kuachia harufu yake taratibu.

Kuoka

Washa oveni ifike nyuzi 175 za Selsiasi, au 160 kama ni yenye feni. Paka siagi tini zako tatu, weka karatasi ya kuokea chini, nyunyiza unga pembeni na ukung'ute uliozidi. Chekecha unga, wanga, beking pauda na chumvi pamoja mara mbili.

Siagi iwe laini lakini bado ya baridi kidogo, nyuzi 18 hadi 20. Bonyeza kwa kidole: kiache shimo bila kuzama, na uso usiwe na mng'ao wa mafuta. Hewa ya keki hii inaingizwa hapa. Chembe za sukari, zikisuguana na siagi, hutoboa vishimo vidogo vya hewa, na beking pauda baadaye hufanya kazi ya kuvipanua tu. Haizalishi vishimo vipya. Siagi iliyoyeyuka haishiki hewa, nayo iliyo ngumu haitobolewi. Piga siagi na sukari kwa mashine, mwendo wa kati, dakika 4 hadi 5, ukikwangua pembeni mara mbili, mpaka rangi ipauke na mchanganyiko uwe mwepesi.

Mayai yasitoke moja kwa moja kwenye friji. Yaweke ndani ya maji ya uvuguvugu dakika kumi, kisha yatie moja moja, kila moja lipigwe mpaka lipotelee ndani. Ukiona mchanganyiko umeanza kukatika kama maziwa yaliyoganda, ongeza kijiko kimoja cha chakula cha ule unga uliochekechwa na uendelee. Tia vanila. Kijiko kimoja kinatosha kwa sababu hapa vanila ni msaidizi wa nazi.

Sasa punguza mwendo wa mashine uwe wa chini kabisa. Tia theluthi ya unga, kisha nusu ya tui lenye nazi, theluthi ya pili ya unga, tui lililobaki, na umalizie na unga. Unga mkavu ukishapotea machoni, zima mashine na umalizie kwa mwiko wa mpira, mizunguko mitano au sita kutoka chini kwenda juu. Kukoroga zaidi ya hapo kunaamsha utando wa ngano, na keki inakuwa na uvutano kama mkate. Rojo sahihi ni zito, linadondoka kutoka kwenye mwiko kwa mafungu, halitiririki.

Gawa kwa mizani, kila tini ipate karibu gramu 480. Sawazisha juu, halafu sukuma rojo kidogo kutoka katikati kwenda pembeni ili lisiinuke sana kama kichuguu.

Oka kwa dakika 28 hadi 32, na usifungue oveni kabla ya dakika 25. Keki iliyoiva ina dalili tatu, na napendelea kuziona zote: kingo zimeanza kuachana na tini, ukibonyeza katikati panarudi juu, na kijiti ukichomeka kinatoka bila rojo, ingawa kinaweza kuwa na chenga mbilitatu zilizonata. Kwa kuwa nazi huweza kunata kwenye kijiti na kukudanganya, mimi huamini zaidi kidole. Rangi nayo isikupeleke mbali: keki hii inapendeza ikiwa na rangi ya dhahabu hafifu, na ukisubiri iwe kahawia umeshaikausha.

Oveni yako ikiwa ndogo, oka mbili na ya tatu iweke kwenye friji ikiwa ndani ya tini yake. Itasubiri nusu saa bila madhara. Kwa anayeoka mahali palipo juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, apunguze beking pauda kwa robo, kwani hewa nyepesi huifanya keki ipae haraka na kuanguka kabla haijashikamana.

Acha keki ndani ya tini kwa dakika 10, si zaidi, maana mvuke ukikwama utalowesha chini. Pindua kwenye waya wa kupoozea, toa karatasi. Ikibaki na uvuguvugu mdogo, ifunge kwa plastiki na uiweke kwenye friji usiku kucha. Hii ndiyo sababu napendekeza kazi igawanywe siku mbili: tabaka la baridi linakatika sawasawa, halimwagi chenga, na linabeba krimu bila kuiyeyusha. Niliwahi kupaka krimu juu ya keki niliyodhani imepoa kwa sababu nje ilikuwa ya baridi. Katikati bado ilikuwa na joto, na ndani ya nusu saa tabaka la juu lilikuwa limeteleza upande mmoja na krimu yote imeshuka chini ya sahani. Tangu siku hiyo sipaki keki ambayo haijalala kwenye friji.

Krimu

Njia inayofundishwa sana ni kupiga siagi na krimu chizi pamoja, kisha kumimina sukari. Inafanya kazi ikiwa mkono ni mwepesi na chumba ni cha baridi, lakini mara nyingi krimu hutoka nyepesi, halafu mpishi anaongeza sukari ili izidi uzito, nayo inazidi kulegea. Sukari huvuta maji. Ikikutana uso kwa uso na krimu chizi, inayavuta maji yaliyokuwa yametulia ndani ya jibini, inayeyuka ndani yake, na ukipata shira umeitengeneza mwenyewe.

Geuza mpango. Piga siagi peke yake dakika mbili, iwe laini lakini ya baridi kidogo kama ile ya keki. Tia sukari ya unga iliyochekechwa kwa mafungu matatu, upige dakika 4 hadi 5 mpaka iwe nyeupe na nyepesi. Kwa njia hii kila chembe ya sukari imevikwa mafuta kabla ya kuona maji. Sasa toa krimu chizi kwenye friji, ikiwa ya baridi, uikate vipande vya ukubwa wa kijiko na uiongeze kipande kimoja kimoja kwa mwendo wa kati. Kipande cha mwisho kikishaingia, tia vanila na chumvi, piga sekunde 20 hadi 30, na uzime. Kuipiga mpaka ionekane nyororo zaidi kunaharibu: umbile la jibini linavunjika na maji yanatoka.

Chumvi ile usiiache. Ndiyo inayoufanya uchachu wa jibini usikike, na uchachu huo ndio unaoipa nazi nafasi badala ya kuizamisha kwenye utamu.

Krimu chizi iwe ya kipande, ile ngumu inayokuja imefungwa kwa karatasi ya foili. Ile laini ya kikopo iliyotengenezwa kwa ajili ya kupaka mkate huleta krimu teketeke. Kama ndiyo uliyonayo, iweke ndani ya kitambaa safi juu ya chujio, usiku mzima kwenye friji, halafu pima gramu 450 baada ya kuchujika.

Krimu ikilegea pamoja na tahadhari zote, iweke kwenye friji dakika 30 na ukoroge kwa mwiko, usirudi kwenye mashine. Siagi ikiganda tena, itaishika.

Shira na nazi ya kupambia

Shira ni jambo fupi. Pasha tui, sukari na chumvi mpaka sukari iyeyuke, usichemshe. Hapa ndipo maji yanaporudishwa kwenye keki, yakiwa na harufu ya nazi ambayo haijapita kwenye oveni, na tofauti yake inasikika kwenye tonge la kwanza.

Nazi ya kupambia mimi huigawa nusu kwa nusu. Nusu naiacha nyeupe. Nusu naitandaza kwenye trei na kuitia oveni ya nyuzi 160 kwa dakika 6 hadi 8, nikiikoroga kila dakika mbili. Simama hapo hapo. Kati ya nazi yenye rangi ya asali na nazi iliyoungua kuna chini ya dakika moja, na ile iliyoungua ina uchungu. Iache ipoe kabisa kabla ya kugusa krimu. Anayependa nazi mbichi ya kukuna aikaushe kwanza kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa dakika 15 hadi 20, kwani ikibaki na maji yake italegeza krimu na itachacha haraka kuliko keki yenyewe.

Kupanga matabaka

Kata kichuguu cha kila tabaka kwa kisu cha meno, ukiwa umeinama macho yawe usawa na keki. Paka shira ya uvuguvugu kwa brashi, kama vijiko vitatu vya chakula kwa kila tabaka, ukianzia kingoni ambako ndiko hukauka mapema.

Weka tabaka la kwanza kwenye sahani, upande uliokatwa ukiwa juu. Tandaza gramu 200 za krimu mpaka ukingoni. Ukipenda, nyunyiza kiganja cha nazi iliyokaangwa juu ya krimu hiyo, maana kitu kinacholia chini ya jino katikati ya ulaini huu wote kinafurahisha. Panga la pili, krimu gramu 200 tena, kisha la tatu lipindue, upande wa chini wa tini uwe ndio juu, kwa kuwa huo ndio ulionyooka.

Chukua karibu gramu 150 za krimu upake keki nzima mpako mwembamba sana. Kazi yake ni kufunga chenga, hivyo keki ikionekana bado ni sawa. Friji dakika 30, mpaka ukigusa krimu haishiki kidole. Halafu paka krimu yote iliyobaki, juu kwanza, kisha pembeni, ukizungusha sahani huku kisu kikiwa kimetulia.

Nazi ibandikwe mara moja, krimu ikiwa bado inanata. Weka keki juu ya trei kubwa, chota nazi kwa kiganja, ibandike pembeni ukianzia chini kupanda juu, na inayodondoka uikusanye utumie tena. Mimi huweka nyeupe pembeni na iliyokaangwa juu. Irudishe kwenye friji saa mbili kabla ya kukata.

Kuhifadhi na kukata

Kwa sababu ya jibini, keki hii isikae nje zaidi ya saa mbili, na mahali pa joto la zaidi ya nyuzi 32 isizidi saa moja. Kwenye friji inakaa siku nne ikiwa imefunikwa, la sivyo siagi na jibini vitanyonya harufu ya kitunguu cha jirani. Matabaka yasiyopakwa krimu yakifungwa vizuri hukaa kwenye friza miezi miwili. Yayeyushe yakiwa bado ndani ya plastiki ili umande ubaki nje.

Itoe kwenye friji nusu saa kabla ya kuila, kwani siagi ya baridi huifanya keki ionekane kavu hata kama haijakauka. Kisu kirefu, kichovye kwenye maji ya moto, kifute kikauke, kata kwa kushuka moja kwa moja, kifute tena kabla ya kipande kinachofuata.